Mkono wa Avit na Bei ya Gunia

20 Mei, Jumatatu

Kitabu hiki cha kuandikia nimepewa na bwana wa mbolea aliyekuja kiwandani kutuhubiria. Watu tulikuwa arobaini, vitabu viwili. Kimoja akapewa Meneja Eliud kwa sababu ni meneja, kingine nikapewa mimi kwa sababu ni Mwijage. Nimefika Mwanza, nimefika Kampala, nimelala kisiwani Goziba miezi tisa na wavuvi wanaotongoza kuliko wanavyovua. Mtu wa namna hiyo asipoandika, aandike nani? Darasa la saba sikulimaliza, lakini wengi waliolimaliza hawana la kuandika.

Msimu umeanza. Mimi ni kapteni wa wabebaji hapa kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, njia ya Kashozi. Tuko wanane pamoja na mimi. Tunashusha kahawa kavu kutoka kwenye malori, tunailisha mashine, tunapanga magunia stoo. Tunalipwa kwa gunia. Jumamosi meneja ananikabidhi fedha zote mimi, nami nagawa sawa kwa sawa, shilingi mia tatu kwa gunia.

Mvua inanyesha bado. Mwezi wa tano unaisha, mvua haina habari.

21 Mei

Magunia 312. Kahawa imekuja na unyevu, nzito kama maiti.

25 Mei, Jumamosi

Malipo. Nimewanunulia wote bia mbili mbili, na Magesa tatu, maana alizika mama yake majuzi. Baa nzima waliniita Mkubwa.

Nitaandika hapa jambo ambalo hata mke wangu Kokuberwa halijui. Kiwanda kinanipa mia tatu na hamsini kwa gunia. Vijana nawaambia mia tatu. Ile hamsini ni ya ukubwa. Jeneza la mama yake Magesa nani alitoa? Nauli ya mtu aliyefiwa, soda za kipaimara, bia za leo, vyote vinatoka wapi? Mkubwa asiyetoa si mkubwa, ni mrefu tu. Basi natoa.

28 Mei

Mmoja wetu amekwenda visiwani kuuza dagaa. Nafasi yake nimempa Avit, mtu wa Kishanda kule Muleba, umri kama thelathini, mabega ya mlango. Mke wake Vestina alimsindikiza mpaka kwangu kiwandani na mkungu wa ndizi kichwani. Akapiga magoti kwa adabu za kwetu, akasema, “Waitu, mzee wetu, hapa mjini hatuna mtu. Tata yake, baba yake, ni wewe.”

Nikamwambia hapa mumewe atashiba na atarudi mnene hata asimtambue. Akacheka kidogo, halafu akaitazama mashine kwa muda mrefu.

3 Juni

Mkanda umeanza kuteleza. Ni ule mpana unaotoka kwenye mota kwenda kwenye puli la mashine ya kukoboa. Kahawa ikiwa na unyevu mashine inakuwa nzito, mkanda unateleza na kulia kama nguruwe anayechinjwa. Meneja Eliud anasema mkanda mpya utatoka Mwanza, yapata mwezi.

Mwezi bila kukoboa ni mwezi bila kula. Nikasema niacheni. Nikaenda nyuma ya ukuta kwenye mfenesi, nikachanja gome, nikakinga utomvu kwenye kopo la rangi. Niliona hilo kwenye kinu kimoja Masaka. Ule utomvu unaupaka kwa brashi upande wa ndani wa mkanda, nao unashika puli kama mpangaji anavyoshika nyumba asiyolipia. Sharti moja: unaupaka mkanda ukiwa unakwenda, ili uenee. Kwa hiyo tumefungua kile kizuizi cha bati kinachoufunika, tukakiegemeza ukutani.

Mkanda ukanyamaza. Meneja akanipa mkono mbele ya watu akasema, “Kapteni, wewe ni injinia waliyesahau kumpa cheti.”

4 Juni

Magunia 330. Mkanda kimya. Nimelala usingizi wa askofu.

11 Juni

Kile kizuizi bado kiko ukutani. Vijana wanaanikia mashati.

15 Juni, Jumamosi

Malipo. Avit alipigiwa simu kwamba mtoto wake ana homa kali, apelekwe hospitali Muleba mjini. Nikachomoa elfu arobaini, nikamtia mkononi kabla hajamaliza kueleza. Akanishika mikono miwili, akasema hatasahau mpaka anakufa. Moyo wangu ulijaa. Hizo ndizo kazi za hamsini.

19 Juni

Nimemuuliza meneja habari za mkanda mpya. Akasema wa nini, wakati ule wa zamani unafanya kazi kwa sababu yangu? Nilicheka naye. Nikiwa njiani nyumbani sikuona tena kilichochekesha.

24 Juni

Mkanda unalia tena. Utomvu tunapaka mara mbili kwa siku. Magesa hapendi. Alikuwa mvuvi, na wavuvi wana mambo yao. Anasema kitu kinacholia kila siku kuna kitu kinadai. Nikamwambia kinadai fenesi. Watu walicheka, yeye hakucheka.

29 Juni

Mara nne kwa siku. Brashi imeganda utomvu kwenye mpini, inashika kiganja. Ukitaka kuiachia unaivuta kwa mkono wa pili.

2 Julai

Mvua. Mwezi wa saba, kiangazi, mvua. Wazee wanasema hawajapata kuona.

9 Julai, Jumanne

Ni alfajiri ya tarehe kumi, lakini mambo ni ya tisa. Nitaandika yalivyo.

Saa nane mchana mkanda ulianza kulia. Zamu ya kupaka ilikuwa yangu. Nilikuwa nimesimama juu ya magunia nawasimulia wenzangu nilivyomlipisha faini polisi wa Kampala badala ya yeye kunilipisha mimi. Hadithi ilikuwa imefika patamu. Sikutaka kushuka. Nikamwambia Avit, “Hebu shika brashi, mimi nimalizie.”

Akaenda. Ni mtu ambaye ukimwambia nenda, anakwenda.

Sikuona ilivyokuwa. Nilisikia mkanda umebadilisha sauti, ukawa mzito, kama mtu anayekohoa chakula. Brashi ilikuwa imemganda kiganjani. Mkanda ukaikamata brashi, brashi ikampeleka yeye kwenye puli. Swichi iko chumba cha pili. Magesa alikimbia, lakini chumba cha pili siku hiyo kilikuwa mbali kuliko Kampala.

Avit hakupiga kelele. Mashine iliposimama alikuwa amekaa chini, akiutazama mkono wake wa kulia kama anatazama kitu cha mtu mwingine. Nilimfunga kwa shati nililolichukua juu ya kile kizuizi. Kwenye gari la meneja alilaza kichwa begani kwangu, akaniuliza, “Kapteni, yule polisi alilipa?”

Nikamwambia alilipa.

Hospitali wamekata juu ya kifundo cha mkono.

11 Julai

Kizuizi kimerudishwa mahali pake. Kimepakwa na rangi ya njano.

12 Julai

Mkanda mpya umefika kutoka Mwanza. Siku tatu.

13 Julai, Jumamosi

Malipo. Nimesema siku ya leo hakuna bia, fedha ziende kwa Avit. Wote wamechanga. Mimi nimetoa nyingi kuwapita wote, wakanisifu.

20 Julai, Jumamosi

Meneja Eliud kaniita ofisini, kafunga mlango, kaniagizia chai ya maziwa. Mtu anayefunga mlango kabla ya chai hataki kukupa chai.

Akanieleza kwamba kiwanda kimetuandikisha kwenye mfuko wa serikali wa fidia, na Avit atalipwa. Nikamshukuru Mungu. Akasema subiri. Fidia inahesabiwa kutokana na kipato cha mwezi: ukiandikwa kipato kikubwa unapata kikubwa, ukiandikwa kidogo unapata kidogo, na kwa mkono uliokatwa hayo ni malipo ya kila mwezi maisha yake yote. Kwenye vitabu vyake kila mbebaji ameandikwa laki moja na nusu kwa mwezi. Ndivyo alivyopeleka kwenye mfuko miaka yote, ili mchango wa kiwanda uwe mdogo. Sasa mke wa mgonjwa amekwenda kulalamika kwa afisa wa kazi kwamba mumewe alikuwa akipata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Anachotaka kwangu ni sahihi, kama kapteni na shahidi, kwamba ni laki na nusu.

Nikasema, “Lakini meneja, kweli anapata zaidi ya mara mbili.”

“Kwa bei gani ya gunia?”

Nikakoroga chai.

“Wenzako nao wanasema bei gani?” Akafungua droo, akatoa bahasha ya kaki, akaiweka mezani polepole. “Humu mna vocha za miaka mitano, Mwijage. Mia tatu na hamsini, mia tatu na hamsini. Sahihi yako ina mkia mzuri sana. Mimi na wewe ni watu wazima. Usinifanye niwaonyeshe.”

Nikamwambia siwezi kusaini leo, nimesahau miwani nyumbani. Sijawahi kuvaa miwani maishani mwangu, na yeye anajua. Akasema basi miwani ipatikane kabla ya kikao cha afisa, tarehe kumi na nne mwezi wa nane.

Chai sikuinywa.

23 Julai

Sijalala. Kokuberwa ameniuliza kama ni malaria. Nimesema ndiyo.

27 Julai, Jumamosi

Malipo. Nimegawa mia tatu kwa gunia. Mkono uligawa wenyewe. Mazoea.

4 Agosti, Jumapili

Nimekwenda Kishanda kumwona Avit. Magesa alitaka kuja, nikamkatalia.

Kibanja chao ni kizuri, migomba mirefu, lakini magugu yameanza. Vestina alikuwa anaangusha mkungu mwenyewe, panga mkono huu, mkungu unamwelemea mkono huu, na Avit amesimama pembeni anamwelekeza akate wapi. Aliponiona alinyoosha mkono wa kulia kunisalimu. Ukatokea ule mkono wa shati uliofungwa fundo. Akaurudisha akacheka.

Niliuliza kahawa ya mwaka ujao ikoje, kwa kutafuta maneno tu. Vestina akaniambia wamekwisha kuiuza ikiwa maua. Ndiyo ile butura yetu ya tangu zamani, mchuuzi anakupa fedha kidogo leo, kahawa ikiiva anachuma yeye. Fedha yake wamelipia dawa na nauli za kwenda kufunga kidonda. Mwaka kesho mzima umekwisha, na mwaka huu haujaisha.

Vestina hakupiga magoti safari hii. Alisimama. Akaniuliza kama nitasema kweli kwa afisa. Kabla sijajibu Avit akamkemea kwa Kihaya, taratibu, kwamba huyu ndiye aliyetoa elfu arobaini ya mtoto bila kuulizwa mara mbili, mtu wa namna hiyo haulizwi.

Nikala chakula chao. Kilipita kooni bila shida.

8 Agosti, Nane Nane

Sikukuu. Mvua imenyesha kutwa. Nimeandika kurasa tatu, nimezichana.

13 Agosti

Nimeamua. Kesho nitakiri lile la utomvu. Nitasema mbele ya wote kwamba ni mimi niliyeleta ujanja wa fenesi, ni mimi niliyefungua kizuizi, zamu ilikuwa yangu. Nitalia kidogo kama ikibidi. Nikikiri hilo kubwa, labda hili la hamsini halitaulizwa. Mtu akiunguliwa na nyumba hawamuulizi habari za kuku.

14 Agosti, Jumatano

Kikao kilikuwa Bukoba mjini, chumba kimoja, feni haizunguki. Afisa wa kazi ni Bi Sabina, mama mwembamba, sauti ndogo, hapandishi nyusi. Upande mmoja Meneja Eliud na kitabu chake cha mishahara, na bahasha ya kaki chini ya kitabu. Upande wa pili Avit na Vestina. Kwenye benchi mimi na wenzangu sita.

Nilisimama kabla sijaitwa. Nikaanza lile la utomvu, kwa sauti niliyoiandaa. Sikufika hata kwenye kizuizi. Bi Sabina akaweka kalamu chini.

“Mzee Mwijage, hapa sijauliza nani mwenye kosa. Wakaguzi wa mashine watakuja kiwandani na watakuuliza hayo. Mtu ameumia kazini, atafidiwa, awe amekosea yeye, awe umekosea wewe. Leo nauliza kitu kimoja tu. Alikuwa anapata kiasi gani kwa mwezi?”

Nikakaa. Mlango nilioujengea ngome haukuwa ndio mlango.

Meneja akasoma kitabu chake, laki moja na nusu. Bi Sabina akawageukia wenzangu, akawauliza mmoja mmoja. Kila mmoja, kuanzia Magesa, akasema gunia mia tatu, magunia kama arobaini kwa mtu kwa siku, siku ishirini na sita. Akapiga hesabu. Laki tatu na elfu kumi na mbili. Akamwuliza Avit kama ndivyo. Avit akasema ndivyo, mama, na Mungu anajua.

Nikamtazama meneja, nikangoja aifungue bahasha. Alikuwa ameilalia kwa viwiko viwili. Jasho linamtoka. Hapo ndipo nilipomwelewa, mimi mtu wa Kampala, kwa kuchelewa. Hawezi kuifungua. Vocha zile zinanifunga mimi, lakini zinamfunga na yeye: zinaonyesha alichokuwa akilipa kweli, na ni kikubwa kuliko hata hiki wanachosema vijana. Alikuwa ananitisha kwa nyoka aliyemvaa shingoni mwenyewe.

Kwa hiyo nilikuwa nimepona. Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilikuwa nimepona kabisa. Ilikuwa ni kunyamaza tu. Avit angepata mara mbili ya kitabu, wangenibeba juujuu mpaka baa, na hamsini ingebaki hapa kwenye karatasi.

Bi Sabina akaniuliza, “Kapteni, mia tatu kwa gunia. Ni sahihi?”

Avit alinitazama, akanitikisia kichwa kunipa moyo, kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma.

Nikasema, “Si sahihi, mama. Ni mia tatu na hamsini.”

Bi Sabina akaniuliza hizo hamsini zilikuwa zinakwenda wapi. Nikasema zilikuwa zinakuja kwangu. Miaka mitano. Nikasema vocha zimo chini ya viwiko vya meneja. Akamwomba meneja bahasha, kwa sauti ile ile ndogo. Akahesabu upya: laki tatu na elfu sitini na nne. Akaandika. Akaeleza kwamba fedha iliyolipwa kwa kazi ya mtu ni kipato cha mtu, hata kama imekatwa njiani, na kwamba hiyo ndiyo atakayoipeleka kwenye mfuko. Kuhusu meneja kuandikisha pungufu, na kuhusu mimi, kuna barua zitafuata.

Nje mvua ilikuwa imesimama. Wenzangu walitoka wakanipita kama wanavyopita nguzo. Magesa peke yake alisimama, akaniuliza jeneza la mama yake lilikuwa shilingi ngapi. Nikamwambia. Akakubali kwa kichwa, akaenda.

Avit alikuwa kwenye ngazi, Vestina anamfunga kifungo cha koti.

“Na ile elfu arobaini ya mtoto?” akaniuliza.

“Nayo.”

“Kumbe nilikushukuru kwa fedha yangu.”

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

15 Agosti

Getini mlinzi ameambiwa asinifungulie.

17 Agosti, Jumamosi

Siku ya malipo. Nimekaa nyumbani. Kokuberwa nimemwambia yote. Aliendelea kumenya ndizi. Alipofika ya mwisho akasema kwamba vitenge vyake viwili, vile vya Pasaka, amevikunja, viko juu ya meza, nivipeleke kwa wenyewe.

21 Agosti

Baa nimepita kwa mbali. Mtu mmoja aliniita Mkubwa. Wengine walicheka, na sikuwajua kuwa na kicheko cha namna hiyo.

24 Agosti

Magesa ametuma ujumbe wa simu. “Kesho baada ya misa tunakuja kwako.” Hakuna salamu.

25 Agosti, Jumapili

Walikuja wote saba, wamevaa nguo za kanisani. Hata Avit, ametoka Kishanda kwa basi la asubuhi. Walikaa kwenye majani tuliyotandika sebuleni, migongo imeegemea ukuta, hakuna aliyeuliza habari za nyumbani. Nje mawingu yalikuwa yamekaa juu ya ziwa, meusi, hayanyeshi wala hayaondoki.

Kokuberwa alileta rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu, akaweka katikati. Hakuna aliyeinua mkono. Nimeishi miaka hamsini na moja, nimekwenda kwenye misiba na kwenye magomvi ya mipaka, sijapata kuona rubisi ya Mhaya inakaa katikati ya wanaume wanane mpaka povu lake linakauka.

Nikasimama mwenyewe. Nikaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani na kukaushwa. Kwetu hiyo haikataliwi. Anayechukua punje amekubali kuwa mgeni wako, asiyechukua amekuja kwa jingine. Nikampa Magesa. Akakitazama, akampitishia wa pili. Wa pili akampitishia wa tatu. Kikapu kikazunguka kimejaa kama kilivyotoka jikoni. Nilikuwa nahesabu watu, maana kilichobaki kwangu ni kuhesabu. Wa nne, wa tano, wa sita.

Kikafika kwa Avit. Akakipokea na kukiweka juu ya paja. Kwa desturi punje huchukuliwa kwa mkono wa kulia, na chumba kizima kikautazama ule mkono wa shati uliofungwa fundo. Kisha akaingiza mkono wa kushoto, akachukua punje moja, akaitia mdomoni, akatafuna. Tuliisikia ikivunjika.

Alipomaliza akatemea ganda kiganjani, akanitazama.

“Haya, kapteni,” akasema. “Sasa tuhesabu.”